Mbu wa Kakuma na uso wa maji: Kipimo kitangulie kemikali

*Zipo kemikali zinazoua mbu bila kumtia sumu, kwa kulegeza tu uso wa maji anamozaliwa. Zimejaribiwa Kenya na zikafaulu. Lakini zilijaribiwa Ahero, penye mpunga, na Turkana ina joto lake, upepo wake na maji yake ya sabuni.*

KAKUMA, Turkana Magharibi – Jua halijachomoza, na mitungi imeshapangwa foleni kwenye mfereji. Maji hufunguliwa kwa saa chache, kwa zamu, hivyo hakuna anayetaka kuchelewa. Mtungi ukijaa huondolewa, mwingine husogezwa, na kati ya huo na huu maji kidogo humwagika. Hayo kidogo, yakirudiwa mamia ya mara kila asubuhi, hutengeneza kijito.

Kijito hicho hakiachwi kipotee. Katika nchi ambayo laga ya Tarach, mto wa msimu, hukauka sehemu kubwa ya mwaka, kuacha maji yaende bure ni dhambi. Kwa hiyo kuna shimo. Kando ya shimo kuna mwarobaini unaotoa kivuli, pengine na tuta la sukuma wiki au mchicha. Mbuzi hunywa hapo. Matofali ya udongo hufinyangwa hapo.

Inama utazame maji hayo yakiwa yametulia. Utaona vijiti vyembamba vya rangi ya udongo, visivyozidi urefu wa punje ya mchele, vimelala sambamba na uso wa maji. Kivuli chako kikivipitia, vinazama ghafla. Baada ya muda vinapanda tena, kimoja kimoja. Hao ni viluwiluwi wa mbu anofelesi, na wamepanda kuvuta pumzi.

Shimo lililochimbwa kwa nia njema

Mwaka 2005 wahudumu wa zahanati za kambi ya Kakuma waligundua kwamba malaria imepanda kupita kawaida. Watafiti waliofika kuchunguza, kati ya mwaka huo na 2006, walikuta jambo lililopaswa kubadilisha namna tunavyopanga maji katika maeneo makavu. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2011 katika jarida la kitaalamu la malaria.

Miongoni mwa wagonjwa wa homa wenye umri wa miaka 5 hadi 17 waliopimwa, asilimia 62.4 walikuwa na vimelea vya malaria. Watoto wa miaka 2 hadi 4 ndio walioshambuliwa kwa kasi kubwa zaidi. Wagonjwa hawakusambaa sawasawa kambini: walirundikana katika kanda 3 kati ya 11. Na mbu walikuwa humo humo katika kanda hizo, ndani ya nyumba, masika na kiangazi kwa wingi uleule.

Mbu mwenyewe alikuwa wa aina moja tu, *Anopheles arabiensis*. Mazalio yake hayakuwa mto wala bwawa. Yalikuwa mashimo ya maji kwenye vituo vya mifereji.

Yaani ugonjwa ule haukuletwa na mvua. Uliletwa na mfumo wa maji uliojengwa na binadamu, mahali ambapo hali ya hewa peke yake isingeruhusu malaria ya kiasi hicho. Kambi ilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Sudan. Wakati wa utafiti ilikuwa na watu kati ya 60,000 na 90,000. Leo Kakuma pamoja na makazi ya Kalobeyei inakaribia watu 300,000, na kila mtu wa ziada anahitaji mfereji, na kila mfereji unamwaga.

MALARIA ILE HAIKULETWA NA MVUA. ILILETWA NA MIFEREJI.

Nje ya kambi nako, dhana ya zamani kwamba malaria ya Turkana huja na mvua na kuondoka nayo imetikisika. Utafiti wa miaka ya karibuni uliofanywa na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani umeonyesha kwamba maambukizi katikati ya Turkana hayakatiki hata miezi ya ukame.

Chandarua husaidia, na hakuna anayesema kisitumike. Ila *arabiensis* ni mbu mwenye tabia ngumu: huuma nje pia, huanza mapema jioni, na akikosa mtu huridhika na mnyama. Na Turkana, kwa sababu ya joto, watu wengi hulala nje. Neti hufungwa wapi pasipo na dari?

Ndiyo maana macho ya wengi hurudi kwenye shimo, kwa kiluwiluwi, kabla hajaota mabawa.

Mbu anavyotegemea uso wa maji

Molekuli za maji huvutana. Iliyo ndani ya maji huvutwa na jirani zake pande zote, lakini iliyo juu haina jirani upande wa hewa, hivyo huvutwa chini na pembeni tu. Matokeo yake uso wa maji hukaza. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza nchini Kenya alikuwa akijifunza hili kwa kuweka pini au wembe juu ya maji ukaelea, kisha kudondoshea sabuni, wembe ukazama.

Mkazo huo, unaoitwa mvutano wa uso, hupimwa kwa milinewtoni kwa mita. Maji safi ya nyuzi 25 yana 72. Ni nguvu ndogo, sawa na uzito wa gramu 7 hivi kwa kila mita ya mstari unaochorwa juu ya maji. Kwa mdudu mwenye uzito wa miligramu chache, hiyo ni nguvu ya kumbeba maisha yake yote.

Na mbu ameuegemea uso huo katika kila hatua. Jike hutua juu yake kutaga, na mayai ya anofelesi huelea moja moja yakiwa na maboya pembeni. Kiluwiluwi wa anofelesi hana mrija mrefu wa kupumulia kama wa mbu wengine. Hulala ubavu kwa ubavu na uso wa maji, ameshikwa na vinyweleo vya mgongoni, matundu yake ya hewa yakiwa yamefunguka juu. Pupa hujining'iniza kwa pembe mbili za kupumulia. Na siku ya mwisho mbu mpya hupasua gamba, akasimama juu ya maji hadi mabawa yakauke.

Shusha mvutano ule kutoka 72 hadi 30 hivi, na kila moja ya hatua hizo huvunjika. Maji huingia kwenye matundu ya hewa. Pupa huzama. Mbu anayetoka hulowa akafa maji. Jike anayekuja kutaga huzama anapotua.

Hakuna sumu hapo. Na kwa kuwa hakuna sumu, ni vigumu sana kwa mbu kujenga usugu kama alivyojenga dhidi ya dawa za jamii ya pareto zinazopakwa kwenye vyandarua. Hilo peke yake linatosha kuifanya njia hii istahili kuchunguzwa kwa makini.

Kutoka mafuta ya taa hadi utando wa molekuli moja

Kumwaga mafuta juu ya madimbwi ni jambo la zamani. Mmarekani L. O. Howard aliandika kuhusu mafuta ya taa na viluwiluwi mwaka 1892, na wajenzi wa Mfereji wa Panama walipaka mafuta madimbwi na mitaro yao mwanzoni mwa karne ya 20. Hata leo, Turkana kama kwingineko, hutakosa mtu wa kukushauri umwage mafuta machafu ya injini shimoni.

Ushauri huo ni mbaya, na niseme wazi kwa nini. Mji wa Lodwar hunywa maji ya visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa kingo za mto Turkwel. Maji ya mto huo ndiyo yanayojaza hifadhi ya chini, na mchanga hauchagui kinachopita. Mafuta ya injini yana metali na masizi. Yakishaingia humo hayaulizwi tena yalitoka shimo gani.

Njia bora ilitokea mahali pasipotarajiwa. Katika maabara ya utafiti ya jeshi la wanamaji la Marekani, William Garrett alikuwa akishughulika na tando nyembamba zinazoweza kuzuia mafuta yaliyomwagika baharini yasisambae. Katika miaka ya 1970 yeye na wenzake walizielekeza kwa mbu. Walitumia alkoholi ya mafuta ambayo haiyeyuki majini, bali hujitandaza yenyewe hadi ikawa na unene wa molekuli moja tu. Ilishusha mvutano wa uso hadi karibu 30.

Kenya haikuachwa nyuma. Mwaka 1994 watafiti Karanja, Githeko na Vulule walichapisha majaribio ya utando wa aina hiyo dhidi ya *Anopheles arabiensis*, mbu yuleyule wa Kakuma. Mwaka 2011 ukafuata utafiti mwingine katika mashamba ya mpunga ya Ahero, safari hii kwa utando wa silikoni. Idadi ya anofelesi waliofaulu kuota mabawa na kutoka mashambani ilipungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Asilimia 90! Kwa msomaji wa Kakuma takwimu hiyo inavutia sana. Lakini Ahero ni Kisumu. Shamba la mpunga ni tambarare ya maji yaliyotulia, yenye majani ya kukinga upepo. Shimo la mfereji wa Kakuma ni kitu kingine kabisa.

Kilo mbili au kijiko cha chai

Mtu anaweza kuuliza: kama sabuni huzamisha wembe, kwa nini tusimwage sabuni tu?

Hesabu inajibu. Chukua shimo la mita mraba 10 lenye kina cha sentimita 10. Hilo lina lita 1,000. Sabuni ya kawaida ya viwandani, sodiamu dodesili salfeti, iliyomo katika shampuu na dawa nyingi za meno, hushusha mvutano hadi karibu 39 inapofikia gramu 2.4 hivi kwa lita. Kwa sababu huyeyuka na kuenea katika maji yote, shimo hilo litahitaji kilo 2.4. Kisha mbuzi hatakunywa, mchicha utaungua, na kesho maji mapya yakiingia utaanza upya.

Utando usioyeyuka hukaa juu tu. Kipimo kinachopendekezwa kwa tando za alkoholi ni lita 2 hadi 5 kwa hekta. Kwa shimo lilelile la mita mraba 10, hiyo ni mililita 2 hadi 5. Kijiko cha chai.

SABUNI: KILO 2.4 KWA SHIMO MOJA. UTANDO: KIJIKO KIMOJA CHA CHAI.

Tofauti hiyo ndiyo inayoifanya njia hii iwezekane kwa kaunti isiyo na fedha nyingi. Ndiyo pia inayoleta shida ya vipimo. Kitu chembamba kiasi hicho hakionekani kwa macho. Ukimwaga dawa ya kawaida na mbu wasife, unajua dawa haikufaa. Ukimwaga utando na mbu wasife, hujui kama kemikali ni mbovu, au upepo umeupeleka, au haukujitandaza tangu mwanzo. Bila kupima mvutano wa uso palepale shimoni, unalipa bila kujua unacholipia.

Upepo, joto na maji ya kufulia

Kuna mambo matatu ya Turkana ambayo hayamo katika matokeo ya Ahero.

Kubwa kuliko yote ni upepo. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna njia ya upepo inayojulikana kwa wataalamu wa hali ya hewa duniani kote kwa jina la Turkana. Ng'ambo ya Ziwa Turkana, upande wa Marsabit, mitambo 365 huvuna upepo huo na kuzalisha megawati 310. Watengenezaji wa tando wenyewe huonya kwamba upepo wa upande mmoja unaozidi kilomita 16 kwa saa huusukuma utando hadi ukingoni na kuacha sehemu nyingine wazi. Shimo la mfereji lina kingo, na pengine linakingwa na miti na nyumba. Linakingwa kiasi gani? Hilo hupimwa, halikisiwi.

Joto lina athari ndogo kuliko watu wanavyodhani. Maji ya nyuzi 35, ambayo Lodwar si ajabu, yana mvutano wa 70.4 badala ya 72. Kiluwiluwi hatambui. Chumvi nayo, inayolalamikiwa sana katika visima vya Turkana, huongeza mvutano badala ya kuupunguza, na kwa kiasi kidogo mno: hata maji ya Ziwa Turkana, yenye takriban gramu 2.5 za chumvi kwa lita, hayafikishi ongezeko la 0.2. Muuzaji akikwambia kemikali yake imeshindwa kwa sababu ya chumvi ya maji yenu, mwombe akuonyeshe namba.

Jambo lililobaki ni sabuni, na hapa ndipo penye kitendawili cha kweli. Karibu na mfereji watu hufua na kuoga. Maji yanayoingia shimoni hayana mvutano wa 72. Na utando hujitandaza kwa nguvu ya tofauti: maji ya 72 dhidi ya utando wa 30 huacha nguvu ya 42 ya kuusambaza. Maji yakiwa yameshashuka hadi 45 kwa sababu ya sabuni, nguvu hiyo hubaki 15. Zaidi ya hayo, sabuni inayoyeyuka hugombania nafasi ileile ya juu ya maji na huweza kuuvuruga utando. Shimo la Kakuma saa nne asubuhi na shimo hilohilo saa kumi jioni yanaweza kuwa maji mawili tofauti.

Kausha, funika au tandaza?

Wahandisi wa maji wana jibu lao, na ni jibu zito: ondoa shimo. Jenga sakafu ya zege chini ya kila mfereji, weka mtaro, chimba shimo la kokoto linalomeza maji, rekebisha koki zinazovuja. Pasipo maji yaliyotuama hapana mbu, na hapana haja ya kemikali yoyote. Katika vitabu vya afya ya mazingira hiyo ndiyo sheria ya kwanza, na sina la kuipinga.

Ila sheria hiyo hukutana na mwarobaini. Mashimo mengi hayakutokea kwa uzembe. Yalichimbwa makusudi, na watu wanaojua thamani ya maji kuliko yeyote kati yetu. Mgao wa chakula kwa wakimbizi umepunguzwa mara kadhaa, na mwaka 2025 ulikatwa hata zaidi baada ya misaada ya nje kushuka. Tuta la mboga kando ya mfereji si pambo. Mama anayeambiwa afukie shimo lake anaambiwa aache chakula leo ili mtoto asiugue mwezi ujao, na hilo si chaguo tunalopaswa kumtwisha kama kuna njia nyingine.

Wapo wanaosema njia hiyo nyingine ni bakteria aitwaye Bti, ambaye huua viluwiluwi wanapomla na hana madhara kwa mifugo wala kwa watu. Tanzania ina kiwanda cha viuadudu hivyo Kibaha, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba, na mwaka 2017 Rais Magufuli aliziagiza halmashauri zinunue dawa yake. Dar es Salaam ilikuwa imeshaonyesha tangu 2004 kwamba mji mkubwa unaweza kuweka watu wa kukagua madimbwi mtaa kwa mtaa. Ni njia nzuri. Kasoro yake ni moja: Bti lazima aliwe, na pupa hali. Utando humwua pupa, tena kwa haraka. Njia hizi mbili zinaweza kusaidiana.

Shirika la Afya Duniani kwa upande wake huruhusu kushughulikia viluwiluwi kama nyongeza ya vyandarua, pale ambapo mazalio ni machache, hayahami na hupatikana kwa urahisi. Mara nyingi barani Afrika sharti hilo huwa kikwazo, kwa sababu baada ya mvua kila alama ya kwato ni zalio. Kakuma hali ni kinyume. Mazalio yana anwani. Kila mfereji unajulikana, na kila mfereji una kamati. Ni nadra sana kupata mahali panapotimiza masharti hayo vizuri hivi.

Lodwar hali inabadilika kwa namna nyingine. Mwaka 2023 taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, ilitangaza kwamba mbu mgeni, *Anopheles stephensi*, amepatikana Marsabit, jirani wa Turkana ng'ambo ya ziwa. Mbu huyu wa asili ya Asia aliingia Djibouti mwaka 2012, na mwaka 2022 alihusishwa na mlipuko wa malaria katika mji wa Dire Dawa, Ethiopia. Yeye hupenda miji. Huzaa kwenye matangi, mapipa na visima vya majengo, vitu ambavyo Lodwar imejaa navyo tangu ilipokuwa makao makuu ya kaunti. Kwa tangi la maji ya kunywa nasema bila kusita: funika kwanza. Mfuniko unaoziba vizuri hauhitaji maabara.

Karatasi, ndoano na mizani ya dhahabu

Kupima mvutano wa uso kunasikika kama kazi ya mitambo ya gharama. Ipo mitambo hiyo: pete ya platinamu iliyoasisiwa na Mfaransa Lecomte du Noüy, na bamba la Mjerumani Wilhelmy la mwaka 1863. Lakini mtu aliyeweka msingi wa kuelewa tando hizi alikuwa Agnes Pockels, msichana wa Ujerumani ambaye hakuruhusiwa chuo kikuu. Alifanyia vipimo vyake jikoni, katika karai la bati alilolitengenezea kifaa cha kupimia mwenyewe. Barua yake ilichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1891, na wanasayansi walifuata alikopita.

Kilichowezekana jikoni kwake kinawezekana Lodwar.

Kata karatasi ya kuchujia yenye upana wa milimita 20. Ilowanishe, uiangike kwenye ndoano ya mizani midogo inayosoma sehemu ya mia ya gramu, ya aina ileile wanayotumia wanunuzi wa dhahabu. Rudisha mizani kwenye sifuri. Sasa inua chombo cha maji taratibu hadi ukingo wa chini wa karatasi uguse. Uso wa maji utaivuta karatasi. Maji safi yatasoma karibu gramu 0.29. Yakiwa na utando mzuri wa 30 yatasoma karibu 0.12. Tofauti hiyo haihitaji mtaalamu kuiona.

Njia ya kuhesabu matone, inayofundishwa shuleni, ni rahisi zaidi: bomba la sindano linalotoa matone 20 kwa mililita ya maji safi litatoa karibu 37 kwa maji ya sabuni yenye mvutano wa 39, kwa sababu tone huanguka likiwa dogo. Inafaa kupima maji ya shimo kabla ya kutandaza. Haifai kwa utando wenyewe, kwani utando hubaki juu ya dimbwi na hauingii kwenye sindano. Anayekuletea matokeo ya matone kuthibitisha utando hajapima kitu.

NAMBA NDOGO KULIKO ZOTE SI LAZIMA IWE KEMIKALI BORA.

Shimoni penyewe, bila mizani, mkaguzi hutumia mafuta ya kielelezo. Tone la mafuta hayo likidondoshwa juu ya maji yasiyo na utando hutawanyika mara moja. Penye utando hujikunja likabaki duara. Mhamasishaji wa afya ya jamii aliyefundishwa asubuhi anaweza kukagua mifereji yake yote kabla ya jua la mchana.

Tahadhari moja nzito inahitajika hapa. Zipo kemikali za florini zinazoshusha mvutano hadi chini ya 20, zilizokuwa zikitiwa katika povu la kuzimia moto. Kwa mizani yetu zingeshinda zote. Lakini haziozi. Moja yake, PFOS, iliwekwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2009 kwa sababu hukaa katika maji na katika damu miaka na miaka. Maji ya Turkana yana florini ya asili ya kuyatosha tayari, kama meno ya watu wengi wa huku yanavyoonyesha. Kwa hiyo zabuni yoyote isome mambo mawili kwa pamoja: namba ya mvutano, na jina kamili la kemikali.

Kabla ya kutia sahihi

Msimamo wangu ni huu. Kakuma imetimiza masharti ambayo maeneo mengine ya Afrika hayawezi kuyatimiza. Mbu wake anajulikana, mazalio yake yanajulikana, na njia ya kumwua bila sumu na bila kumnyang'anya mama shimo lake la mboga imeshajaribiwa na watafiti wa nchi hii hii. Kinachopungua ni kipimo cha hapa.

Lodwar ina chuo cha elimu ya juu, kilichoanzishwa kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Ina hospitali ya rufaa ya kaunti yenye maabara, na shule za sekondari zenye walimu wa fizikia wanaojua mvutano wa uso kuliko wanasiasa wote wa kaunti hii. Wapewe maji ya mashimo ya Kakuma, yaliyochotwa asubuhi na jioni. Wapewe kemikali kabla haijanunuliwa kwa wingi. Wapime siku ya kwanza, ya tatu na ya saba, upepo ukivuma, na namba zibandikwe ofisini mahali ambapo kila mtu anaweza kuzisoma.

Na wewe unayekaa katika kamati ya mfereji: atakapokuja mtu na kopo la dawa ya mbu, mwulize maswali matatu kabla hajalifungua. Inaitwaje? Inashusha mvutano wa maji yetu hadi ngapi? Nani amepima, na wapi? Asipojibu, mrudishe na kopo lake.